Injini Kuukuu na Mtihani wa Kuwaka

Injini ya petroli ya gari kuukuu hulalamika kwa njia mbili ambazo wenye magari huzitaja kana kwamba ni maradhi mawili tofauti. Ya kwanza ni kuwaka kwa shida, pale ufunguo unapozungushwa mara tatu au nne na stata ikalia bila injini kushika. Ya pili ni kumisi, neno ambalo gereji nyingi za Afrika Mashariki hulitumia kwa injini inayorukaruka, kutetemeka na kukosa mlio mmoja ulionyooka kwa sababu silinda moja au zaidi inaruka zamu yake ya kuchoma mafuta. Katika magari yenye umri, hata hivyo, malalamiko hayo mara nyingi hutoka kwa mgonjwa mmoja mwenye udhaifu ule ule, na kinachotofautiana ni saa ambayo udhaifu huo hujitokeza. Kwa sababu hiyo, uchunguzi unaoanza kwa kuuliza ni kifaa gani kimekufa huwa umeanza na swali lisilo lake.

Kuwaka ndiyo kazi ngumu kuliko zote inazopewa injini, ingawa huchukua sekunde chache tu. Stata, ambayo mafundi wengi huiita selfu, huizungusha injini mizunguko 150 hadi 250 hivi kwa dakika, wakati injini iliyokwisha kuwaka na kutulia huzunguka 700 hadi 900. Wakati huo huo stata hiyo hiyo inanyonya umeme mwingi kiasi cha kuishusha betri kutoka volti 12.6 hadi karibu 10, na koili, yaani kifaa kinachoupandisha umeme wa betri hadi maelfu ya volti ili cheche iruke kwenye plagi, inalazimika kufanya kazi kwa mabaki. Petroli iliyolala usiku kucha haigeuki mvuke kwa urahisi ndani ya manifoldi baridi, na pistoni inayopanda polepole huipa hewa iliyobanwa nafasi ya kuvujia pembeni mwa ringi zake. Umeme, mafuta na mgandamizo vyote vinapungua kwa wakati mmoja.

Gari jipya hulimudu jambo hili kwa sababu kila kiungo chake kina akiba: koili inaweza kutoa volti nyingi kuliko plagi inavyohitaji, betri ina nguvu ya ziada, na ringi zinabana kuliko ilivyo lazima. Methali husema akiba haiozi, lakini akiba ya injini huoza, na huoza kidogo kidogo pande zote kwa pamoja. Gari kuukuu linaweza kuwa na kontakti za distributa zilizoungua kidogo, valvu zilizokaa vibaya kidogo na kabureta iliyochakaa kidogo, pasiwepo kitu hata kimoja ambacho fundi angekishika mkononi na kusema kimeharibika. Jumla ya hivyo vidogo ndiyo inayolifanya gari lisukumwe kila asubuhi.

Hapa ndipo desturi ya gereji ya kubadilisha kifaa kimoja kimoja hadi gari litulie inapodanganya, tena kwa namna isiyo rahisi kugundulika. Plagi mpya, ambayo ncha zake bado ni kali, huhitaji volti chache kuruka cheche kuliko plagi iliyolika na kuwa butu, kwa hiyo gari lenye koili dhaifu likifungwa plagi mpya huwaka vizuri, mwenye gari hulipa na kushukuru, na baada ya miezi michache plagi zikianza kulika tatizo hurudi kama lilivyokuwa. Lawama huangukia plagi, ambazo husemwa kuwa ni feki. Huenda ni feki kweli, kwa maana soko la vipuri lina mengi, lakini hata plagi halisi isingeweza kuifunika koili hiyo milele.

Ili mambo yawe na sura, ni vyema kuchukua gari moja linalojulikana. Peugeot 504 ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, ikaja kuunganishwa Mombasa, ikashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena, kwa umbo la coupé yenye silinda 6, mwaka 1978, na kwa miongo kadhaa ilibeba abiria wa masafa marefu barabarani Kenya kiasi kwamba jina la kampuni likawa jina la aina ya usafiri. Injini yake iliyozoeleka ya sentimita za ujazo 1,971 ina silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, kabureta inayochanganya hewa na petroli, na distributa inayozigawia plagi cheche kwa zamu ya 1, 3, 4, 2. Toyota Corolla za miaka ya 1970 na 1980 zenye injini za familia ya K zina mpangilio huo huo na zamu hiyo hiyo, kwa hiyo linalosemwa juu ya moja linaifaa nyingine kwa sehemu kubwa.

Kabla ya spana kushikwa kuna maswali ambayo majibu yake hupunguza kazi nusu. Je, stata inazunguka upesi na injini haishiki, au inazunguka kwa kujikokota? Je, shida ni asubuhi tu, au ni pale gari linapozimwa likiwa limepata moto na kuwashwa tena baada ya robo saa? Je, injini inamisi ikiwa imetulia na kunyooka ikikanyagwa, au inatulia vizuri na kumisi inapopanda mlima ikiwa na mzigo? Dereva anayejua gari lake huyajibu yote haya bila kufikiri, ila ni nadra kuulizwa.

Stata inayojikokota huelekeza kwenye umeme mzito, yaani betri, nyaya nene na stata yenyewe. Betri iliyopumzika na kujaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikiwa wakati wa kupiga stata inashuka chini ya 9.6 katika joto la kawaida, imechoka au haikuchajiwa. Hata hivyo betri hulaumiwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa katika magari ya zamani mkosaji mara nyingi ni waya wa ethi, ule unaoiunganisha injini na bodi na kisha bodi na kichwa hasi cha betri, ambao maungio yake hushika kutu bila mtu kuona. Kipimo chake ni rahisi: ncha moja ya multimita huwekwa kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, kisha stata ikapigwa. Umeme ukipita sawasawa mita husoma karibu na sifuri; ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Ipo pia dalili isiyohitaji mita yoyote. Ethi inapokatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na mojawapo ya njia hizo ni kebo ya chuma ya choki au ya ekseleta inayotoka kwenye kabureta hadi ndani ya gari, kiasi kwamba kebo hiyo hupata moto mkali na ganda lake kuanza kunuka. Madereva wamewahi kubadilisha kebo mbili tatu zilizoungua bila kujiuliza moto ulitoka wapi.

Stata ikizunguka upesi na injini isishike, swali huhamia kwenye cheche, na hapa kuna kosa ambalo karibu limekuwa desturi. Fundi huchomoa plagi, huiegemeza kwenye chuma cha injini, hupiga stata, na akiona cheche hutangaza kwamba umeme upo. Kilichothibitishwa ni kwamba cheche inaweza kuruka katika hewa ya kawaida. Ndani ya silinda, ambamo hewa imebanwa mara 8 au 9, pengo lile lile huhitaji volti nyingi zaidi, na koili iliyochoka inayofaulu nje hushindwa ndani. Cheche inayoaminika ni ya buluu, nene, yenye mlio unaosikika, na inayoweza kuruka pengo la milimita 5 au zaidi. Ile nyembamba ya manjano ni ushahidi wa udhaifu hata kama ipo.

Magari mengi ya enzi hiyo yana kifaa kidogo ambacho hufanya tatizo lake lijieleze lenyewe kwa anayesikiliza. Ili koili isipate joto kupita kiasi safarini, watengenezaji waliiunga kupitia rezista, yaani kizuizi cha umeme, kinachoipunguzia volti hadi 7 au 9 hivi. Wakati wa kupiga stata tu, waya wa pili huikwepa rezista na kuipa koili umeme wote wa betri, kwa kuwa betri yenyewe imeshuka. Rezista ikiungua, injini huwaka ufunguo ukiwa kwenye stata na huzima papo hapo kidole kinapoachia. Waya wa kukwepa ukikatika, kinyume chake, injini haiwaki kwa stata asubuhi lakini huwaka kwa kusukumwa, na hapo kila mtu huhukumu kwamba betri imekufa. Dalili mbili zilizo kinyume, za sakiti moja yenye nyaya mbili, na zote hujulikana kwa sikio tu.

Ndani ya distributa zimo kontakti, kijiswichi kinachofunguka na kufunga kila cheche inapohitajika, ambacho kwa injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hufanya hivyo mara 100 kila sekunde. Pengo lake kwa kawaida ni karibu milimita 0.4. Kidole chake kinachosuguliwa na kamu hulika polepole, pengo hupungua, na pengo likipungua kontakti huchelewa kufunguka, hivyo cheche nayo huchelewa; kwa njia hiyo taimingi huharibika yenyewe bila mtu kuigusa distributa. Kondensa iliyo pembeni, kazi yake ikiwa ni kuzuia kontakti zisirushe cheche zenyewe, ikichoka huziacha zikiungua na kuwa na chunusi nyeusi. Kifuniko cha distributa nacho, hasa katika unyevu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hupata nyufa nyembamba kama unywele ambazo umeme huzifuata badala ya kwenda kwenye plagi. Njia nzuri ya kuuona uvujaji huo ni kufungua boneti usiku injini ikinguruma: nyaya za plagi zilizochoka huonekana ziking'aa buluu kwenye maungio, na kunyunyiza maji kidogo kwa mkono huzidisha kumisi mara moja.

Plagi zenyewe ni ushahidi unaostahili kusomwa kabla ya kufutwa. Ncha yenye rangi ya udongo mkavu huonesha uchomaji mzuri; masizi meusi makavu huonesha petroli nyingi kuliko hewa; weusi unaong'aa na kuteleza ni oili iliyopita kwenye ringi au kwenye vishikio vya valvu; weupe wa chokaa ni hewa nyingi au joto la kupindukia. Plagi nne zikifanana, kosa liko pale panapolisha silinda zote, kama kabureta. Moja ikitofautiana na wenzake, kosa ni la silinda hiyo peke yake. Fundi anayezitumbukiza zote kwenye kopo la petroli na kuzipiga brashi amefuta barua kabla ya kuisoma.

Upande wa mafuta na hewa una utata zaidi, kwa sababu mchanganyiko mwema, ambao ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, huhitajika kuwa mzito zaidi injini ikiwa baridi. Hiyo ndiyo kazi ya choki, kijimlango kinachobana hewa juu ya kabureta. Pwani choki ya gari inaweza kukwama miaka kumi bila mtu kugundua. Likiuzwa gari hilo kwa mtu wa Njombe au Limuru, mwezi wa Juni hugeuka kuwa adhabu. Gari lililoegeshwa siku kadhaa nalo huwa na shida yake: petroli ya kwenye bakuli la kabureta hukauka, na ikiwa vali ndogo za pampu zimelegea, mafuta yote ya kwenye bomba hurudi tangini, na stata hulazimika kuzunguka muda mrefu hadi yafike tena.

Suala la petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haliwezi kurukwa. Tofauti ya kodi kati ya bidhaa hizo mbili iliufanya uchakachuaji kuwa biashara, hata Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 na Kenya ikaweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kwa lengo la kuua faida hiyo. Mafuta ya taa hayageuki mvuke katika injini baridi, kwa hiyo dalili ya kwanza ni kuwaka kwa shida asubuhi. Pia hupunguza uwezo wa petroli kustahimili mbano, na injini hugonga inapopanda mlima. Gari lililoanza kusumbua siku moja baada ya kujazwa mafuta lina haki ya kuchunguzwa tangi kabla ya kufunguliwa kabureta.

Injini inayotetemeka ikiwa imetulia, katika ule mwendo ambao mafundi wa Tanzania huuita sailensa, na kunyooka ikikanyagwa, aghalabu inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta. Hewa hiyo huingilia kwenye gasketi ya manifoldi, kwenye paipu la raba la breki lililopasuka, au kwenye tundu la ekseli ya kabureta lililolika. Injini ikiwa imetulia huvuta hewa kidogo tu, hivyo tundu dogo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Ikikanyagwa, tundu lile lile huwa si kitu. Baadhi ya mafundi hulitafuta kwa kunyunyiza petroli juu ya manifoldi ya moto, jambo ambalo limeunguza magari na mikono. Maji ya sabuni hufanya kazi ile ile bila hatari hiyo, kwa kuwa yakiziba tundu kwa sekunde moja mlio wa injini hubadilika.

Mwinuko wa ardhi nao una neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ikilinganishwa na Mombasa. Kabureta haina akili ya kulijua hilo: iliyorekebishwa vizuri Mombasa hutoa mchanganyiko mzito Nairobi, plagi huwa nyeusi na injini hutulia kwa kukohoa. Anayepima mgandamizo lazima akumbuke jambo hilo hilo, kwani silinda yenye afya inayosoma paundi 160 kwa inchi ya mraba Mombasa itasoma karibu 130 Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote, na injini zimewahi kufunguliwa kwa sababu ya namba iliyosomwa bila kutazama ramani.

Gari linalowaka vyema asubuhi na kugoma likipata moto ni kesi nyingine kabisa. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka chini ya nyuzi 40 za Selsiasi, na injini inapozimwa joto lake hupanda hadi kwenye kabureta kwa kuwa hakuna tena upepo wala petroli mpya ya kuipoza. Petroli huchemka, humwagikia kwenye manifoldi, na silinda hulowa. Dereva anayepampu ekseleta wakati huo huzidi kuizamisha injini. Kinachofaa ni kuikanyaga ekseleta hadi chini, kuishikilia hapo bila kuichezesha, na kupiga stata hadi hewa ikaushe. Ikiwa badala ya harufu ya petroli hakuna cheche, mshukiwa ni koili au kondensa ambayo waya wake wa ndani huachana ukipanuka kwa joto na kurudiana ukipoa, na ndiyo maana gari lililovutwa hadi gereji huwaka mlangoni kana kwamba halijawahi kusumbua.

Mgandamizo huachwa mwisho kwa sababu kuutengeneza ni ghali, ingawa kuupima ni kazi ya nusu saa. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Iliyo chini hutiwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: namba ikipanda, ringi ndizo zilizolegea, kwa kuwa oili imeziba pembeni mwao; isipopanda, valvu haizibi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao. Kuna sura ya historia hapa pia. Azimio la Dakar la mwaka 2001 lilielekeza nchi za Afrika Kusini mwa Sahara kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 lengo hilo lilikuwa limetimia. Faida yake kwa damu na akili za watoto haina mjadala, lakini katika injini ambazo viti vya valvu vilichongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha silinda hedi, utando wa risasi ndio uliokuwa mto kati ya valvu na kiti chake. Bila mto huo, valvu za kutolea moshi huzama kidogo kidogo katika kiti, nafasi ya tapeti huisha, na valvu hubaki wazi kwa unywele mmoja. Injini kama hiyo haigongi wala haitoi moshi wa kutisha. Huwaka kwa shida tu, humisi ikitulia, na aghalabu hutibiwa kwa kununuliwa kabureta.

Corolla nyingi za miaka ya 1990, ambazo leo ndizo gari kuukuu la mtaani, hazina kabureta wala choki. Kompyuta hupima joto la maji kwa kisensa na kuamua petroli kiasi gani ipulizwe. Kisensa hicho husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 katika nyuzi 20, na 200 hadi 400 katika nyuzi 80. Kikiidanganya kompyuta kwamba injini baridi ni ya moto, asubuhi petroli haitoshi. Kikidanganya kinyume, gari hunywa mafuta na kutoa moshi mweusi mchana kutwa. Kikikatika kabisa, kompyuta huweka kumbukumbu, na kwa nyingi za Toyota hizo kuunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya hufanya taa ya injini kuwaka na kuzima kwa kuhesabu, mbili kisha mbili, yaani namba 22. Kikidanganya bila kukatika, taa haisemi chochote, na hapo mita hurudi kuwa na thamani kuliko mashine ya kusomea kompyuta.

Lipo pia suala la kuthibitisha matengenezo, ambalo gereji hulirahisisha mno. Injini iliyofunguliwa, kufungwa na kujaribiwa mara tano mchana kutwa ina joto la kutosha kuwaka hata ikiwa na udhaifu wake wote, hivyo kuwaka kwake mbele ya mteja saa kumi jioni hakuthibitishi chochote kuhusu shida ya asubuhi. Mtihani wa kuwaka baridi huja mara moja tu kwa siku, na gari lililopelekwa kwa shida hiyo halina budi kulala gereji, fundi akalipiga stata kabla ya chai, mita ikiwa tayari kwenye betri.